Daftari la Bweni

Wizi wa chuoni una msimu wake. Bumu likitoka, yaani ile pesa ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, simu mpya zinanunuliwa kwa wingi, na ndani ya wiki hizohizo simu zinaporwa kwa wingi. Mwaka wa kwanza wakiripoti, Oktoba na Novemba, matapeli ndio huvuna: mgeni anauziwa nafasi katika chumba ambacho muuzaji hana haki nacho, anapigiwa simu na mtu anayejiita mhasibu wa chuo, anapokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" na kwa ugeni wake anaituma. Siku za mitihani, watu wakitoka maktaba saa nne usiku na vichwa vimechoka, vibaka wanahamia njiani. Likizo fupi ikifika, mabweni yakiwa nusu matupu, makufuli yanakatwa.

Nilikuwa mlezi wa mabweni katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, ambacho jina lake naliacha. Haya yote niliyajua kwa sababu ya daftari. Nilipokabidhiwa ofisi nilikuta mafungu ya funguo, orodha za magodoro, mafaili ya barua za miaka iliyopita, lakini hapakuwa na mahali palipoonyesha nini kiliwahi kumpata mwanafunzi, wapi, na saa ngapi. Aliyeibiwa alikuja, akapewa pole, akaandikiwa barua ya kwenda polisi, akapata namba yake ya RB, yakaisha. Mwenzake akiibiwa mahali palepale wiki inayofuata, naye alianza upya kama wa kwanza. Mlinzi wa zamu alikuwa na kitabu chake cha lindo, polisi walikuwa na chao, na mimi nilitegemea kichwa. Basi nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikalipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, mahali, kilichochukuliwa, nani aliona, na taa ilikuwa inawaka au haiwaki.

Safu ile ya mwisho niliiweka kwa sababu ya mgawo wa umeme. Huo ulikuwa mwaka 2011, na waliokuwa na umri wa kukumbuka watakumbuka jinsi giza lilivyokuwa likikaa mitaani. Muhula ulipokwisha niliketi na daftari mezani nikalisoma lote kwa mkupuo. Karibu kila aliyekabwa usiku ndani ya eneo la chuo alikabiwa kwenye kipande kimoja kifupi cha njia, ile ya mkato inayotoka maktaba kwenda mabweni ya wasichana, penye mikaratusi na kalavati la maji ya mvua. Safu ya taa ilikuwa imejaa neno moja: haiwaki. Na hata umeme uliporudi kuwa wa kawaida, pale paliendelea kuwa giza, kwa sababu taa za kipande hicho zilikuwa zimeungua tangu zamani na hakuna aliyekuwa amezidai.

Nilikwenda kulitazama lile kalavati na mzee mmoja wa ulinzi, askari mstaafu, mtu wa maneno machache. Nilimwamkia, akaitikia, tukashuka pamoja. Aliinama akanionyesha vishungi vya sigara na kandambili moja iliyokatika ukanda.

"Mama, kibaka hana mahali pengi pa kujificha hapa chuoni," alisema. "Ana hapa tu. Akishakupiga roba, anapita chini ya bomba hili, anatokea upande wa pili. Kule ni mtaani, huna cha kumfanya."

"Umewahi kuwaambia wakubwa?"

"Kuna aliyeniuliza?"

Wakati huo kamati ya ulinzi ilikuwa na mpango wa kuongeza urefu wa ukuta wa mbele na kuuzungushia seng'enge za wembe. Mpango huo ulipendwa na wengi, maana ukuta unaonekana. Mgeni rasmi akipita anauona. Niliingia kikaoni na daftari langu. Nikasoma tukio moja baada ya jingine, tarehe na saa, mpaka mwenyekiti akaniambia nimeeleweka. Hapakuwa na hata mmoja aliyeporwa na mtu aliyeruka ukuta wa mbele. Yule mzee tulimwita aingie aeleze habari za kalavati, na alieleza vizuri kuliko mimi. Kalavati likawekewa wavu wa nondo unaopitisha maji, nyasi zikafyekwa, taa zikarudishwa, na mlinzi mmoja akaondolewa getini, walikokuwa wamerundikana, akawekwa njiani kuanzia saa mbili hadi saa sita usiku. Muhula uliofuata kurasa za njia ile zilikaa karibu tupu. Gharama yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ukuta.

Nje ya geti mambo yalikuwa magumu zaidi, na huko ndiko wanafunzi wetu wengi walikokuwa wakilala. Vyuo vyetu vimekua haraka kuliko mabweni yake. Mabweni ya Magufuli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalipofunguliwa Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840, watu walishangilia kwa haki kabisa, kwa kuwa kila kitanda kinachoongezeka ndani ni mtoto mmoja anayepunguzwa kwenye vichochoro usiku. Asiyepata kitanda anapanga mtaani. Mwenye nyumba anafunga geti saa nne, maktaba nayo inafungwa saa nne. Binti achague: aache kusoma saa mbili na nusu, au agonge geti usiku na kutukanwa, au alale ukumbi wa mihadhara mpaka alfajiri. Wapo niliowakuta wamelala juu ya madawati, wamejifunika kanga moja wawili.

Kwenye kona ya barabara ya kwenda kwenye nyumba hizo palikuwa na kijana aliyekaanga chipsi. Alikuwa na jiko, balbu moja iliyovutwa kutoka dukani, na benchi. Watu walikula pale mpaka saa sita. Sikuwahi kumfikiria kama sehemu ya ulinzi wa chuo hadi mwishoni mwa 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara kwa agizo, naye akaondoka na balbu yake. Baada ya hapo kona ile ikaanza kuonekana kwenye daftari. Silaumu agizo lile, barabara zilikuwa zimezibwa kweli na wenye magari walikuwa na haki yao. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuuliza nani atawasha taa kwenye kona hiyo usiku ule ule, na waliolipa ni wasichana wa mwaka wa pili waliokuwa wakirudi nyumbani. Bodaboda ndio waliotusaidia baadaye. Tulikaa na mwenyekiti wa kijiwe chao, wakavaa vizibao vyenye namba, namba hizo zikabandikwa kwenye mbao za matangazo mabwenini, na msichana akipanda anamtumia mwenzake namba ya dereva. Madereva wenyewe walilipenda jambo hilo, maana lilimtenga mwenye kazi halali na aliyekuja kuvizia.

Lakini sehemu kubwa ya daftari haikuhusu vibaka wa nje. Kompyuta, simu zilizoachwa kwenye chaji, nguo kwenye kamba, pesa chini ya godoro: hivi vilichukuliwa mchana, bila kufuli kuvunjwa, na mtu aliyeijua korido. Chumba cha wanne kinalala saba au wanane kwa kubebana, kila mmoja ana rafiki, na ufunguo mmoja umechongeshwa mara nyingi hadi hakuna anayejua uko mikononi mwa nani. Kubebana sikukupiga vita. Ningemfukuza mtoto wa watu aende akalale wapi? Nilichofanya ni kuwaambia wenye vyumba waniletee majina ya wanaowabeba, bila adhabu, ili ninapopita usiku nijue nani ni nani. Wengi walileta. Mabweni ambayo watu waliitana majina yaliibiwa kidogo kuliko yale ambayo kila mtu alipita ameinamia simu.

Hofu ya wizi nayo huzaa uhalifu wake, na uhalifu huo nimeuona kwa macho yangu. Jumapili moja jioni nilisikia "Mwizi! Mwizi!" kutoka ghorofa ya pili ya bweni la wavulana. Nilipofika juu kijana alikuwa ameanguka kwenye korido, shati limechanika hadi kiunoni, damu inamtoka puani, na mikono yake bado imekumbatia begi la kompyuta. Mmoja wa wanafunzi, kijana mpole ambaye siku zote aliniamkia vizuri, alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Mwingine aliuliza nani ana petroli. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nilivua kanga ya mabegani nikamfunika, nikaketi sakafuni kando yake.

"Mama, toka hapo. Tutakuumiza bure."

"Niumizeni. Kwanza niambieni hiyo kompyuta ni ya nani."

Hakuna aliyejibu. Zaidi ya vijana ishirini walikuwa wamejaa korido ile na hakuna hata mmoja aliyejua mali iliyoibwa ni ya nani. Mwenyewe alifika baadaye kidogo kutoka mgahawani, sahani ya wali mkononi, akasimama mlangoni. "Jamani, huyo ni mtoto wa shangazi yangu. Nimemtuma mimi, akapeleke kompyuta kwa fundi." Korido ikaanza kupungua, mmoja mmoja, kimya. Kijana alivunjika mbavu mbili.

Usiku ule niliandika kwenye daftari: shambulio la kudhuru mwili, ghorofa ya pili, watuhumiwa ni wakazi wa ghorofa hiyo. Viongozi wa serikali ya wanafunzi walikuja kuniomba nibadilishe, niandike "kutoelewana". Nilikataa. Na hata kama angekuwa mwizi kweli, ningeandika vilevile. Chuo kinachofundisha sheria darasani hakiwezi kuruhusu hukumu ya kifo itolewe koridoni na watu waliotoka kula. Aliyekamatwa akabidhiwe kwa mlinzi, mlinzi kwa polisi, na anayempiga aandikwe jina kama yeyote aliyetenda jinai.

Jambo jingine linalonisumbua hadi leo ni nondo. Kila baada ya wizi wa dirishani, ombi la kwanza lilikuwa: tuwekeeni nondo, fungeni mlango wa nyuma. Ni ombi la haki. Lakini mtu wa mabweni hawezi kusahau Shauritanga, kule Rombo, Juni 1994, wasichana 42 walipoteketea bwenini. Wala Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67, bweni lenye nondo madirishani na mlango mmoja kati ya miwili umefungwa. Hizo zilikuwa shule za sekondari, ila moto haubagui ngazi ya elimu. Nilipokagua mabweni yangu nikakuta milango ya nyuma yote ina makufuli, na funguo zinakaa mfukoni mwa mlinzi ambaye zamu yake ikiisha anaondoka nazo kwenda kwake. Mlango wa dharura usiofunguka kutoka ndani ni ukuta. Tulibadilisha makufuli yale tukaweka komeo la ndani, na kila ghorofa dirisha moja likapewa nondo za bawaba. Wizi haukuongezeka kwa sababu hiyo.

Kisha ikaja Garissa, Kenya. Alhamisi ile, tarehe 2 Aprili 2015, tulikuwa tunasikiliza redio ofisini tangu asubuhi na hakuna aliyefanya kazi. Washambuliaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa alfajiri, wakaanza kwa kuwaua walinzi wa getini, wakaingia kwa waliokuwa kwenye ibada ya asubuhi na kwenye mabweni. Waliouawa walikuwa 148, na kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na mkasa ulikwisha jioni. Msichana mmoja alijificha ndani ya kabati la nguo, akatolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Tahadhari za shambulio dhidi ya vyuo zilikuwa zimeshatolewa Kenya kabla ya siku ile.

Jioni hiyo wasichana walinizunguka uani. "Mama, wakija hapa tukimbilie wapi?" Sikuwa na jibu la bunduki. Chuo hakiwezi kujigeuza kambi, na walinzi wetu walikuwa na virungu na tochi. Lakini nilijua kwamba siku ya balaa watu huuawa pia na kutokujua. Siku kumi baada ya Garissa, tarehe 12 Aprili, hitilafu ya umeme ililipuka alfajiri katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni magaidi. Wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja akafa, zaidi ya mia moja wakaumia. Na Novemba 30 mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifanya zoezi la kujiandaa na ugaidi. Risasi zililia, na watu wengi hawakuwa na habari kwamba ni zoezi. Wakaruka madirishani. Mfanyakazi mmoja wa chuo akapoteza maisha katika zoezi lililokusudiwa kumlinda.

Kwa hiyo mazoezi yetu yalikuwa ya wazi. Tuliyatangaza siku kadhaa kabla, tukabandika matangazo, tukawaambia wafanya usafi na mama lishe pia. Ghorofa moja moja, mchana, kwa miguu, bila kukimbia: hapa ndipo pa kutokea, hapa pa pili, uwanja wa netiboli ndipo pa kukutania, kiongozi wa ghorofa anaita majina. Filimbi fupi ni moto, filimbi ndefu ni kukaa ndani na kufunga mlango. Walicheka mara ya kwanza, kama vijana wanavyocheka. Mara ya pili walinionyesha wenyewe mlango ambao nilikuwa sijauona umekwama.

Kuna jinai ambayo haihitaji giza wala kalavati, inatendeka ofisini saa nne asubuhi, na ndiyo yenye nafasi ndogo kuliko zote ya kuandikwa. Binti alikuja kwangu akakaa muda mrefu akizungumzia maumivu ya kichwa. Mwishoni akasema mwalimu wake amemwambia matokeo yake "yanajadilika", wakutane nje ya chuo. Kisha: "Usiniandike jina, mama. Nitashindwa kumaliza." Sikumwandika jina. Niliandika tarehe, mwaka wa masomo, na ofisi ilipo. Muda ukapita, akaja mwingine asiyemjua yule wa kwanza, maneno yaleyale, ofisi ileile. Akaja wa tatu. Ndipo nikawauliza kila mmoja kwa faragha kama yuko tayari kusema ikiwa hayuko peke yake. Wawili walikubali, na malalamiko yakapanda juu yakiwa na uzito ambao binti mmoja peke yake hawezi kuupata. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa. Wasichana wengi niliozungumza nao walidhani ni suala la maadili tu, la kuvumilia au kukimbia. Mwanafunzi anapaswa kuambiwa habari za kifungu hicho wiki ya kwanza, siku ileile anayopewa kitambulisho.

Miaka hiyo nilisoma habari za msichana wa Kimarekani, Jeanne Clery, aliyekuwa na umri wa miaka 19, mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania. Aprili 1986 aliuawa chumbani mwake bwenini na mwanafunzi mwenzake ambaye hawakujuana. Muuaji alipita kwenye milango ya kujifunga yenyewe ambayo wakazi walikuwa wameizuia kwa maboksi ili marafiki waingie kwa urahisi. Wazazi wake waligundua baadaye kwamba chuo kile kilikuwa kimepatwa na matukio mengi ya jinai za nguvu miaka ya karibuni, nao hawakuambiwa walipompeleka binti yao. Walipigania jambo hilo hadi mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria inayovilazimu vyuo vinavyopokea fedha za serikali ya shirikisho kuchapisha takwimu za uhalifu kila mwaka na kuwatahadharisha wanafunzi mapema panapotokea hatari; mwaka 1998 likaongezwa sharti la kutunza daftari la matukio ambalo mtu yeyote anaweza kuomba kulisoma. Sheria hiyo leo ina jina la Jeanne Clery.

Niliwahi kupendekeza tufanye hivyo kwa hiari yetu: kubandika kila mwezi ukurasa mmoja wa yaliyotokea, bila majina. Niliambiwa tutaharibu sifa ya chuo na wazazi wataogopa. Siafiki hadi leo. Mzazi ana haki ya kuogopa kinachostahili kuogopwa, na mwanafunzi aliyeambiwa kwamba njia ya mikaratusi ina hatari baada ya saa tatu atapita njia nyingine. Sifa ya chuo inayolindwa kwa kumficha mtoto mahali mwenzake alipokabwa jana haina faida kwa mtoto huyo.

Wakuu wa vyuo, walinzi, washauri wa wanafunzi, fungueni daftari la matukio na mlisome pamoja na wanafunzi kila mwezi. Na wewe mzazi unayempeleka mwanao chuo mwaka huu, ukishauliza ada na malazi, ingia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mwamkie vizuri, uombe kuonyeshwa matukio ya mwaka uliopita. Usipoonyeshwa, uliza kwa nini.